SOMO LA WAFANYAKAZI: PIMA KABLA YA KULAUMU

Ndugu wafanyakazi,

Somo letu la leo ni juu ya mitambo midogo inayojiendesha yenyewe katika nyumba, maghala na mashamba. Tunasema taa zinazowaka jua likizama, pampu inayojizima tanki likijaa, kamera inayopeleka picha kwa tajiri aliye mbali, na rauta inayounganisha vitu hivyo na mtandao wa simu. Zamani vitu hivi vilikuwa vya wakubwa wa Kampala. Leo viko Mbarara, viko Kabingo, na viko hata ndani ya Nakivale, makazi ya wakimbizi ya tangu mwisho wa miaka ya 1950, ambako paneli za sola zinaonekana juu ya mabati mengi.

Labda mwenzetu mmoja atauliza: chama cha wafanyakazi kina habari gani na rauta? Sisi tunachuma, tunabeba, tunasindika. Rauta ni mambo ya fundi. Tunamjibu kwa kusimulia jambo tulilolishughulikia sisi wenyewe.

1. JAMBO LENYEWE

Katika shamba moja la kahawa na ndizi karibu na Kabingo kulikuwa na mlinzi wa usiku. Ni mzee wa Kikongo, mkazi wa Nakivale, mtu wa kazi na wa maneno machache. Ofisi na ghala la shamba hilo vilikuwa na paneli za sola na betri moja kubwa ya volti 12. Betri hiyo ililisha taa nne za uani, kamera na rauta. Taa zilikuwa zile zenye jicho, zinazowaka zenyewe giza likiingia.

Usiku mmoja tajiri, akiwa Mbarara, alifungua simu yake kulitazama ghala. Hakuna picha. Asubuhi picha zikarudi. Usiku wa pili ikawa vilevile: mnamo saa tatu taa zikazimika na kamera ikafa, na asubuhi jua lilipopanda kila kitu kikaamka. Usiku wa tatu, hivyohivyo. Tajiri akafanya hesabu yake. Akasema mitambo inakufa mlinzi akiwa peke yake, na inafufuka watu wakifika. Basi mlinzi ndiye anayezima ili apate kuiba dizeli.

Mlinzi akaambiwa arudishe koti na tochi aende zake, na mshahara wa mwezi ule ubaki kulipia dizeli. Dizeli yenyewe hakuna aliyeipima. Fundi mmoja wa mjini, aliyeulizwa kwa simu tu, alisema inunuliwe betri mpya na kamera mpya. Hakufika kuona.

Mzee alikuja kwetu jioni akiwa na karatasi aliyotakiwa kutia sahihi. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na yeye anasoma Kiswahili na Kifaransa. Tukamwambia, "Mzee, usitie sahihi kitu usichokielewa. Ngoja kwanza."

Siku ya pili tulikwenda kwa tajiri tukaomba mambo mawili. La kwanza, mzee asikilizwe. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, amweleze sababu kwa lugha anayoweza kuielewa, amsikilize, na amruhusu awe na mtu mwingine aliyemchagua mwenyewe. La pili, mitambo ipimwe. Tulisema, ikionekana mtu alizima, chama hakitamtetea mwizi. Lakini ikionekana ni ubovu wa mtambo, mzee arudi kazini na mshahara wake wote. Tajiri alikubali.

2. FUNDI ALIVYOFANYA KAZI

Tulimwita binti mmoja fundi wa Nakivale, upande wa Base Camp, anayetengeneza simu na sola. Alifika saa kumi jioni na tesa yake ya kupimia, bisibisi mbili na daftari. Tajiri alidhani ataanza kufungua vitu. Hakufungua kitu. Alivuta kiti karibu na mlinzi akaanza kuuliza.

"Baba, siku ile nini kilikufa?" Taa, kamera na rauta.

"Na nini hakikufa?" Pampu ya tanki. Pampu ile inatumia umeme wa nguzo.

"Vilikufa kimoja kimoja au kwa pamoja?" Kwa pamoja.

"Kuna kitu kilichobadilika karibuni?" Mlinzi akakumbuka kwamba wiki mbili nyuma betri ilisogezwa wakati wa kufagia stoo.

Karani wa shamba, aliyekuwa akisikiliza, alisema hayo si ufundi, hayo ni mazungumzo. Binti akamjibu kwamba mlinzi ndiye aliyeona ugonjwa kwa macho yake, sasa amuulize nani mwingine?

Kisha akasema atangoja mpaka usiku, kwa sababu ugonjwa wa usiku hauchunguzwi mchana. Tukangoja wote: tajiri, karani, mlinzi na sisi. Taa ziliwaka zenyewe saa moja. Karibu na saa tatu akapima juu ya vichwa vya betri, yaani vile vipande viwili vya risasi vinavyotokeza juu. Tesa ikasoma volti 12.5. Betri ilikuwa nzima. Akapima kwenye kile kisanduku kinachoongoza chaji, pale waya za betri zinapoingia. Tesa ikasoma volti 11 tu. Waya ni zilezile, safari ni ya hatua mbili, na volti moja na nusu imepotelea njiani.

Akaweka ncha moja ya tesa juu ya kichwa cha betri, na ya pili juu ya kibanio kinachokishika kichwa hichohicho. Vitu hivyo vimegusana, basi kati yao pasiwe na volti ya kuhesabika. Tesa ikasoma karibu volti moja na nusu. Hapo ndipo ilipokuwa inapotelea. Tulipomulika kwa tochi tuliona unga mweupe na kutu ya kijani chini ya kibanio, na kibanio chenyewe kinacheza.

Hatukumaliza kutazama, taa zikazimika. Zote. Kamera ikazimika, rauta ikazimika. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, mbele ya tajiri.

Binti alieleza kwa utaratibu. Kisanduku cha chaji kimewekewa mpaka. Kikiona volti zimeshuka karibu na 11, kinadhani betri imechoka, basi kinakata kila kitu ili betri isife. Kutu ilikuwa inakidanganya. Na kikishakata, hakirudishi mpaka kione volti zimepanda vizuri, na hilo hutokea jua likipiga paneli asubuhi. Ndiyo maana mitambo ilikuwa inakufa usiku na kufufuka mchana. Hakuna mkono wa mtu uliogusa.

Dawa yake ilikuwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, brashi kuukuu ya meno, kitambaa kikavu, kukaza kibanio na kupaka grisi kidogo. Alivaa glavu na miwani, akazima kila kitu kwanza, na akaangalia maji yale yasiingie ndani ya betri. Baada ya hapo taa ziliwaka mpaka alfajiri. Mzee alirudi kazini na mshahara wake ukalipwa. Samahani hakupewa.

3. HATUA ZA KUTAFUTA UBOVU

Sasa tuchukue mafunzo. Hatua hizi zinafaa kwa taa ya chumbani kwako na kwa mtambo wa kiwandani pia.

Hatua ya kwanza: uliza kabla ya kushika. Nini kimekufa? Nini hakikufa? Lini? Nini kilibadilika? Anayeulizwa kwanza ni yule anayekaa na mtambo kila siku, hata kama ni mfagiaji.

Hatua ya pili: tafuta kilicho cha pamoja. Taa moja ikizimika, tazama taa ile. Vitu vingi vikizimika kwa wakati mmoja, usivichokoe kimoja kimoja. Tazama mahali vyote vinapokutana. Mwezi Mei 2008 kisiwa cha Unguja kiliingia gizani kwa karibu mwezi mzima. Maelfu ya nyumba, hoteli na visima vya maji vilikosa umeme pamoja. Hazikuwa nyumba zilizoharibika. Umeme wa Unguja ulitoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na njia hiyo moja ndiyo iliyoharibika. Betri yetu ya Kabingo na waya wa Unguja ni ugonjwa wa namna moja.

Hatua ya tatu: anza na umeme. Mtambo usiokula haufanyi kazi. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika saa chache bila kuchajiwa wala kutumika, husoma karibu 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 imechoka, na ukiichosha hivyo kila siku itakufa mapema. Tazama paneli: vumbi, kivuli cha jani la mgomba, kinyesi cha ndege. Kivuli kidogo juu ya kona moja huweza kupunguza sehemu kubwa ya umeme wa paneli nzima.

Tazama waya pia. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 2.5, ukiwa na urefu wa mita 10 na ukibeba ampea 10, hupoteza karibu volti moja na nusu kwa kwenda na kurudi. Katika volti 12 hasara hiyo ni kubwa. Waya wa milimita za mraba 6 hupoteza karibu volti 0.6 tu. Kwa hiyo mwembamba wa bei rahisi si rahisi.

Hatua ya nne: mtandao upigie hodi mlango kwa mlango. Rauta ni kama mlango wa nyumba. Kila mtambo una namba yake, na mafundi wana programu ya kupiga hodi: simu au kompyuta inaita namba fulani na kungoja jibu. Piga hodi kwa rauta kwanza. Isipojibu, ubovu uko ndani ya nyumba: umeme wa rauta, waya, au umbali na kuta nene. Waya wa mtandao wenyewe usizidi mita 100 kipande kimoja. Rauta ikijibu, piga hodi nje, kwa namba iliyo mbali. Nje kukiwa kimya, tazama kama bando limekwisha, kama laini imefungwa, kama mnara uko kazini.

Na mara nyingine ubovu uko mbali kuliko mikono yetu. Tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima, ikaanza kurudi tarehe 18. Mwezi Mei 2024 waya mbili za chini ya bahari ziliharibika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikawa nzito Kenya, Tanzania na Uganda. Siku kama hizo anayekuuzia rauta mpya anakula jasho lako bure.

Hatua ya tano: badilisha kitu kimoja, kisha pima tena. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na mtambo ukapona, hutajua kilichouponya, na utakuwa umelipia vitatu. Kila mtambo uwe na daftari lake: tarehe, kilichotokea, kilichopimwa, kilichofanywa, na jina la aliyefanya. Daftari hilo linamsaidia fundi wa kesho. Tena linamlinda mfanyakazi, kwa maana maandishi ya siku ileile yana nguvu kuliko hasira ya tajiri.

4. USALAMA

Tusome hatua hizi ili tujue kuuliza na kuangalia, si ili kila mtu ajifanye fundi. Umeme wa nguzo ni volti 240 na unaua. Usifungue mtambo wake bila kuzima, kutoa fyuzi au kukata swichi kubwa, na kupima kwamba kweli umekufa. Fyuzi ikiungua usiweke kipande cha waya mahali pake. Fyuzi imeungua ili nyumba isiungue. Betri ina asidi na inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka, basi usiwashe sigara wala kiberiti karibu, na usiilaze kichwani mwa kitanda.

Mawingu yakikusanyika, shuka kwenye paa. Usitengeneze antena wakati wa radi. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, radi iliua watu 14 na kujeruhi 34 waliokuwa wamekusanyika kwa ibada. Kazi ya tajiri ingoje mvua ipite.

5. FUNDI NAYE NI MFANYAKAZI

Ndugu, tusimsahau binti yule. Mafundi kama yeye ni wengi kati ya Nakivale, Kabingo na Mbarara. Wanapanda mapaa bila kamba, wanashika asidi bila glavu, wanalipwa kwa kipande, na kazi ikiharibika baadaye wanatupiwa lawama bila kupimwa, kama alivyotupiwa mlinzi.

Wenzetu wakimbizi wajue kwamba Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi aliyekubaliwa kufanya kazi Uganda. Wale wanaoitwa vibarua wajue kwamba Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema mtu asiwekwe kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi na hatari za kazi. Glavu na kamba si zawadi.

Wale wanaojitegemea, na sisi tunaowaita, tuandikiane mapatano mafupi kabla ya kazi:

(a) Gharama ya kuja na kupima isemwe kabla, iwe mbali na gharama ya vifaa.
(b) Kifaa kisibadilishwe kabla ya kupimwa na mwenyewe kuonyeshwa kipimo.
(c) Kifaa cha zamani kirudishwe kwa mwenyewe.
(d) Kazi iandikwe katika daftari, pamoja na namba za siri za rauta, zifungwe kwa bahasha na kutunzwa na mwenyewe. Namba ya siri iliyotoka dukani ibadilishwe siku ya kwanza.
(e) Ubovu uleule ukirudi katika muda waliopatana, fundi aje bila malipo mapya ya kazi.
(f) Fundi alipwe siku kazi inapokwisha, si "njoo kesho".

Mapatano haya yanamlinda fundi mwaminifu na mwenye mali pia. Anayeyakimbia, mtilie shaka.

6. TUMALIZIE

Ndugu wafanyakazi, mitambo inayojiendesha itazidi kuja. Italetwa viwandani, itaonyesha saa tuliyoingia na saa tuliyotoka, itahesabu kilo tulizochuma. Siku itakapokosea, na itakosea, mtu wa kwanza kulaumiwa atakuwa yule aliye karibu nayo, asiye na neno la Kiingereza wala simu ya tajiri. Ulinzi wake ni mambo matatu: mtu anayejua kuuliza, kipimo kinachoonyeshwa mbele ya wote, na wenzake waliokaa pamoja naye mpaka saa tatu usiku kungoja taa zizimike.

Mlinzi yule sasa ana daftari. Kila Jumamosi anatazama vibanio vya betri kwa tochi, anaandika tarehe. Na dizeli inapimwa kwa kijiti kila asubuhi, mbele ya karani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kazini kwako, ni mtambo gani unaojiendesha? Ukikosea, nani atalaumiwa kwanza?
2. Taa za chumba kimoja zimezimika lakini za vyumba vingine zinawaka. Utaanza kutazama wapi? Na zikizimika za nyumba nzima?
3. Rauta inajibu hodi, lakini nje kimya. Taja mambo matatu ya kutazama kabla ya kununua rauta mpya.
4. Mwenzenu ameletewa karatasi ya kutia sahihi kwa lugha asiyoijua. Tawi lenu litafanya nini siku hiyohiyo?
5. Je, mafundi wa mtaa wenu wamejiunga na chama? Kama bado, nani atakwenda kuzungumza nao?

Majibu yaandikwe na katibu wa kikundi, yaletwe kwenye mkutano wa tawi.

Umoja ni nguvu.